Paipu Iliyobanwa kwa Koleo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya magari ya serikali hapa Machakos, Fundi Mkuu, Mzee Kilonzo, alinipeleka moja kwa moja kwenye pikapu iliyokuwa ikivuta kulia kila ikishikwa breki. Nilikuwa msichana pekee pale. Wanaume waliacha kazi wakaja kutazama.

"Utafungua gurudumu gani?" akaniuliza.

"La kulia."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Ikivuta kulia, ya kulia ndiyo inashika. Mgonjwa ni ya kushoto. Enda ufungue."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kwanza unapima upepo wa matairi, maana tairi laini nalo huvuta gari. Kisha unainua mbele kwa jeki, mwenzako anakanyaga breki, nawe unajaribu kuzungusha kila gurudumu kwa mikono. Linalozunguka ndilo lenye shida. Ukilifungua, tazama pedi, vile vibao vinavyobana diski, kama zimelowa grisi. Tazama kalipa, chuma kinachozisukuma pedi, kwa kuwa mara nyingi pistoni yake imekwama kwa kutu. Usisahau mpira unaopitisha mafuta ya breki. Huziba kwa ndani na kwa nje ukauona mzima. Kazi hii haitaki haraka, na walioniudhi maishani mwangu wote walikuwa watu wa haraka.

Mzee Kilonzo alipostaafu nilichukua nafasi yake. Juu yangu akaletwa Afisa wa Usafiri, mtu wa viatu vinavyong'aa ambaye hakupenda kusikia gari limelala karakana.

Dereva mmoja aliyeitwa Mutiso, mpole, mzaliwa wa Kalama, akaniletea pikapu ya watu wa maji. "Fundi, hii gari itanitupa kwa mtaro. Nikishika breki inakimbilia kulia."

Nikaipima. Kalipa ya kushoto ilikuwa imekwama kabisa, na stoo haikuwa na nyingine. Nikaenda kwa Afisa kumwambia nakwenda Athi River kutafuta kalipa, na gari lisitoke mpaka nirudi.

"Na pampu ya Kalama itabebwa na nani?" akasema. "Watu wako bila maji. Unataka niambie mkubwa nini?"

"Mwambie gari haina breki."

"Breki iko. Inavuta tu kidogo."

Niliporudi na kalipa mkononi, pikapu haikuwapo. Nikamuuliza Musyoka, fundi niliyemwachia zamu. Hakuniangalia usoni.

"Afisa alisema ninyooshe. Hiyo paipu ya mafuta ya breki, ya kulia, nimeibana na koleo."

Mnielewe vizuri hapa. Gurudumu la kushoto lilikuwa halishiki. Musyoka alipoibana paipu, mafuta hayakufika tena kulia, kwa hiyo na la kulia likaacha kushika. Gari likanyooka kweli! Lilinyooka kwa sababu mbele halikuwa na breki yoyote. Uzito wote ukaachiwa breki za nyuma, na nyuma kulikuwa na pampu ya chuma.

Nilimpigia Mutiso simu. Ililia tu. Alikuwa tayari ameshindwa kulisimamisha kwenye mteremko wa Kalama, na pikapu ilikuwa imepinduka kwenye kona. Madaktari walimkata mguu juu ya goti.

Kamati ya kuchunguza ajali ilipokaa, Afisa alisema dereva alikuwa anakimbiza gari. Nikaiweka mezani ile paipu, niliyoifungua kwenye pikapu iliyopinduka, alama za koleo zikionekana.

"Hiyo imebanwa na ajali," akasema.

"Ajali haina meno," nikamjibu.

Musyoka aliulizwa. Akasema hakumbuki. Mwenyekiti akanigeukia: "Mama, tumekusikia. Lakini hapa tunaongea juu ya dereva."

Mutiso akaachishwa kazi. Mimi nikahamishiwa kituo cha malori Athi River, kwenye viwanda vya saruji, nikavuta vumbi la saruji hadi nikastaafu. Afisa alipandishwa cheo. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi kichwani.

Sasa nalima, na vijana wenye gereji zao huja kuniuliza mambo ya breki. Nawaeleza kwa furaha. Lakini mtu akiniambia nipumzike, yaliyopita yamepita, namwambia aende akamwangalie Mutiso akipanda ile njia ya kwao kwa magongo.

Juzi tulikutana sote kwenye mazishi ya jirani. Afisa ni mzee wa kanisa siku hizi. Alimfikia Mutiso kwanza, na Mutiso akaegemeza gongo moja kifuani akampa mkono. Kisha Afisa akanijia mimi, mkono ameunyoosha.

"Mama, na sisi tuyaache ya zamani."

"Nani alimwambia Musyoka abane ile paipu?" nikamuuliza.

"Leo tuko kwa maombolezo, Mama."

"Nimekuuliza swali."

Akaushusha mkono wake, akaenda kukaa mbele na wazee.

Tukirudi, Mutiso aliniambia, "Fundi, mimi nimemsamehe. Nilichoka."

"Ni haki yako," nikasema. "Mguu ni wako."

Lakini ile karakana ilikuwa yangu, na lile gari nililikataza kutoka. Kijijini wanasema nina moyo mgumu. Waseme. Nikikutana na Afisa tena, hata kama ni kanisani, nitamuuliza tena.