Watoto wa Kanga

Mlinzi wa uwanja wa gofu anavaa glavu hata jua likiwa kali. Kabla ya kusema neno anagonga waya wa uzio mara mbili, nami nasimama. Anaonyesha kwa kidevu, maana mkono unawatisha ndege. Leo ni bata pembeni ya maji au ndege kanga na watoto wake, kesho nguchiro anayekatiza nyasi mbio. Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu aliye kanisani. Mke wangu, Mama Murielle, miguu ilishamchosha, hakuweza tena kutoka kwetu mtaa wa Bellevue kuja kutazama. Kwa hiyo kila nikirudi aliniuliza mlangoni, "Kanga ana watoto wangapi leo?" Mlinzi alilijua swali hilo. Akawa anaweka mawe madogo mfukoni, jiwe moja kwa kila mtoto wa kanga.

Mwezi wa pili 2017 mke wangu akafariki. Nilikaa ndani siku arobaini, sikutaka kuona kitu. Niliporudi pale uzioni nilikuwa naogopa kupewa pole. Yeye aligonga waya mara mbili, akavua glavu, akafungua kiganja.

"Papa, walikuwa kumi na nne. Nguchiro, yule mwizi, amekula watatu. Hawa wengine nimekuchungia."

Mawe yalikuwa na joto la mkono wake. Nikayahesabu, nikamshukuru. Na bado namshukuru. Nikaenda nyumbani haraka, nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Mama Murielle, ni kumi na moja."