Kofia ya Baba Mkwe

Mume wangu alizikwa mvua zilipoanza. Matanga yalipokwisha na ndugu wakatawanyika, nyumba yetu mjini, mtaa wa Mangobo, ilibaki na watu wawili: mimi na mama yake. Mama mkwe alikuwa ametoka Lubero, kule milimani Kivu ya Kaskazini, kuja kumuuguza mwanawe. Alimuuguza, akamzika, kisha hakuondoka. Mimi na mume wangu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo sikuona tena ni kitu gani kinachoniunganisha na yule mama, isipokuwa kwamba tulilala chini ya bati moja.

Wanawake wa kwaya waliniambia machozi yatakuja. Niliwaitikia, nikawashukuru kwa kuja. Hayakuja. Nilipika pondu, majani ya mihogo, nikasahau chumvi, mama mkwe akala bila kusema neno, na mimi nikala bila kutambua. Nilikuwa kama mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: anauona, anajua ni wake, anaugusa, lakini hausikii.

Kwetu, upande wa Yanonge, mtu hakai karibu na bokilo wake, yaani mkwe. Unampelekea chakula, unainamisha macho, unaondoka. Basi yeye alishinda barazani mbele ya nyumba, mimi nilishinda jikoni nyuma, na siku zikapita hivyo.

Asubuhi moja alinikuta nimeketi mbele ya moto uliozimika. Aliniomba nimpeleke sokoni. Nilidhani anataka mboga, lakini alikwenda moja kwa moja kwa wauza mitumba, nguo za balo, akaanza kuchambua masweta kuukuu kutoka Ulaya, yale ambayo hapa kwetu hayapati mnunuzi kwa sababu ya joto. Aliomba kiberiti, akachomoa uzi mmoja, akauchoma ncha na kuunusa. Ulinuka nywele zilizoungua. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hiyo ilikuwa sufu ya kweli. Alichukua la kahawia na la kijani.

Nyumbani tuliyafumua. Mimi nilishika sweta, yeye alivuta uzi na kuuzungusha kwenye miguu ya kiti. Aliufua, akautundika juani na mawe yakining'inia chini ili ule mpindano unyooke. Kisha alikata mianzi, akachonga sindano mbili nene kama kidole, akazilainisha kwa kipande cha chupa. Yote hayo aliyafanya polepole. Alipomaliza, alitandika mkeka barazani na kuniita nikae kando yake. Nilisimama pale pale nikamwambia kwamba kwetu haifai.

“Kwetu pia iko heshima,” alisema. “Lakini macho yangu haioni tena muzuri. Kaa, unisaidie.”

Nikakaa.

Alitaka tumfumie kofia baba mkwe. Yeye hakuweza kuja kwenye mazishi; miguu yake haikumruhusu, na barabara ilikuwa ya wasiwasi. Alizikiwa mwanawe akisikiliza kwa simu. Mama mkwe alinieleza kwamba kule kwao ukungu haunyanyuki mpaka jua lipande sana, na kwamba kofia ya mzee imetoboka. Alinieleza kwa sauti ile ile ambayo angenielezea habari za viazi. Halafu akanigeukia.

“Mutoto alikuwa na kichwa ya baba yake, kipimo kimoja,” alisema. “Ni wewe ulikuwa unamunyoa. Nionyeshe.”

Ni kweli, nilikuwa nikimnyoa. Nilimnyoa kila alipojiandaa kwenda misa, na hata hospitalini, homa ilipombana, nilimnyoa akiwa amelala. Nikainua mikono yangu mbele ya kifua. Sikufikiri. Viganja vilijitenga vyenyewe, vikafika mahali, vikasimama. Mama mkwe alichukua uzi, akauzungusha kwa nje ya vidole vyangu vyote, akaukata. Alipomaliza, mikono yangu haikushuka. Ilibaki hewani imeshika kile kitu kisichokuwepo. Aliikamata taratibu, akaiweka juu ya mapaja yangu, kisha akaanza kupanga vitanzi kwenye sindano.

Tulifuma kwa nyuzi tatu pamoja, ili kofia iwe nzito. Kwenye ukingo ilikuwa vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mpaka mwisho wa mstari, halafu tena. Jasho lilitutiririka na sufu ikanata vidoleni. Kijana mmoja wa toleka, akiendesha baiskeli yake na abiria nyuma, alipunguza mwendo akatuuliza kama theluji inaanguka Mangobo. Mama mkwe alimjibu kwa adabu kwamba itaanguka keshokutwa. Nilipoangusha vitanzi, alifumua bila kunikaripia, akanirudishia sindano. Siwezi kusema kwamba kazi ile ilinifariji. Saa zilipita, basi, na kabla yake zilikuwa hazipiti.

Kofia ilipofika nusu, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Yanonge na samaki wa kukaushwa. Alimsalimia mama mkwe vizuri, kisha akanifuata jikoni. Aliniambia jamaa wamekaa na kuamua nirudi nyumbani. Mjane asiye na mtoto haachwi kwa wakwe, alisema. Leo wanakuchekea, kesho wanakuonyesha mlango. Mtumbwi wenye injini ungeondoka siku iliyofuata. Nilimsikiliza na nikaona ana haki.

“Yaya,” nikamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, “kofia haijaisha.”

Aliniangalia kama anayemwangalia mtu ambaye malaria imempanda kichwani. Mama mkwe alikuwa amesikia. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama macho chini, kama ambavyo mimi ningesimama mbele yake.

“Papa, mimi sikatazi,” alimwambia kaka yangu kwa heshima. “Akitaka kwenda, iko mutoto yenu. Akitaka kubakia, hii nyumba iko yake. Muzee ameshasema vile, na mimi ninasema vile.”

Kaka yangu alivuta kigoda. Alikaa, akala, na kesho yake akaondoka peke yake akiahidi kurudi. Sikufurahi. Lakini jioni ile niligundua kwamba taya zangu zilikuwa zikiniuma, kana kwamba tangu mazishi nilikuwa nimekaza meno.

Juu ya kofia tulipunguza vitanzi mstari baada ya mstari, tukapitisha uzi kwenye vile vya mwisho na kuuvuta mpaka tundu likazibika, kisha tukashona ubavu. Mama mkwe alinivika ili aone kama imekaa sawa. Ilinishuka mpaka machoni. Ndani yake kulikuwa na joto na giza na harufu ya sabuni, na kelele za mtaa zilisikika kwa mbali. Nilikaa nayo zaidi ya ilivyohitajika. Hakuniharakisha.

Alirudi Lubero barabara ilipotulia kidogo, pamoja na wafanyabiashara wa kwao, kofia ikiwa ndani ya mfuko wake. Baadaye baba mkwe alinipigia simu. Aliuliza habari za mvua. Alisema kofia imemwenea, analala nayo, na mama anamgombeza kwa kukataa kuitoa ifuliwe. Habari zikaisha. Hakukata simu, nami sikukata. Nilisikia kuku wa kwao mpaka salio lilipokwisha.

Nilifungua duka la mume wangu, lililokuwa limefungwa tangu alipougua, nikafagia. Mama mmoja akaomba sabuni, nikamuuzia. Mvua zilipopungua kaka yangu alirudi, nami nikaenda naye Yanonge kusalimia, baada ya kumwambia wazi kwamba nitarudi mjini. Mama yangu aliponiona nikishuka mtumbwini, alilia sana. Nilimshika mkono mpaka akatulia. Machozi yangu mimi bado. Kisha tukaingia jikoni, nikamsaidia kumenya mihogo.