Udaktari wa Vikapu

Edinah Chepkurui alipowaambia watu wa Sigowet kwamba anasomea udaktari wa ubunifu wa vifaa, wengi walishika neno la kwanza tu. Baba yake, Mzee Kipchirchir, alisimama kanisani akatangaza kwamba bintiye atakuwa daktari, na akina mama wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza daktari wa nini.

Alikuwa wa vikapu. Tangu utotoni alikuwa amemwona mama yake akirudi kutoka kuchuma majani chai ameshika kiuno, kamba ya kikapu imemchora mabegani. Edinah alitaka kujua kikapu kitengenezwe vipi kisimuumize mchumaji. Alishinda mashambani akichora, akisuka, akifumua. Kimoja mama yake alikibeba wiki nzima, kisha akasema, "Hiki nacho kinaniuma mahali pengine." Edinah akacheka, akaanza upya.

Mwaka wa 1994 wahadhiri waligoma miezi mingi. Msimamizi wake, Dakta Momanyi, alichoka kungoja, akapata kazi Botswana, akahama na jamaa yake. Chuo kilipofunguliwa, mkuu wa idara alimwita Edinah.

"Hapa hakuna mwingine wa kukusimamia," alimwambia. "Tena kuna wanaouliza kama vikapu ni jambo la uzamifu. Hamia Elimu, utafiti jinsi sanaa inavyofundishwa shuleni. Ama uache."

Alifika nyumbani amenyong'onyea. Baba yake alimsikiliza huku akipalilia mahindi.

"Si kuna walimu wengine huko?"

"Wako, Baba, lakini si wa ubunifu."

"Basi soma ile wako nayo. Mimi nilishasema kanisani."

Edinah alikaa siku kadhaa bila kula vizuri, kisha akahamia Elimu. Kwa miaka minne alizunguka shule za Litein na Kericho akiwauliza walimu maswali ambayo majibu yake hayakumkosesha usingizi. Shahada akaipata. Baba yake alichinja fahali, na wageni wakamwita daktari mpaka jioni.

Mama yake alimvuta nyuma ya jikoni. "Umefurahi?"

"Nimemaliza, Mama."

Mama alimtazama usoni, akamfuta majivu shavuni.

Dakta Momanyi alipopata habari, alimtumia kadi ya pongezi kutoka Gaborone. Edinah aliisoma mara moja tu. Hakumjibu.