Mchina, Reli na Mdogo Wangu

Mwanangu, ipo siku moja ya baridi hapa Birmingham ambayo siisahau. Wakati huo sikuwa na hizi gereji zangu mbili za Small Heath unazoziona zimejaa magari. Mimi wa darasa la nne, nisiyebebwa na mtu! Nilikuwa kibarua kiwanda cha vyuma, na kwetu Tanzania mdogo wangu Idi alikuwa kaandikwa kazi kwenye reli ya Zambia, ile waliyojenga Wachina.

Kiwandani nikasikia Wachina wakiingia nchi hawatoki. Baba alikwisha fariki, neno la mwisho ni langu mkubwa, nikaamua Idi aache kazi aje huku. Ila kwa desturi nikaenda kwanza mtaa wa Digbeth, hapa hapa mjini, kumwarifu Babu Shaali, baharia mstaafu wa Tanga, mzee wetu sote.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mbona umeumuka kama andazi?"

"Wachina watammeza Idi. Waingereza wanasema wakiingia hawatoki."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wanasema akina nani? Hawa hawa waliokaa kwetu miaka arobaini bila kupiga hodi?"

Kisha akakunja uso. "Mchina naye si malaika. Kwao chama kikisema kulia, taifa zima kulia. Na kule Umoja wa Mataifa wamefungiwa nje, wanatafuta marafiki wa kuwafungulia. Haja yao wanayo. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Idi umemwuliza? Wanamfundisha, au wanamtumia tu? Ukubwa si kuamrisha gizani, bwana mkubwa."

Nilinywea, mimi nisiyenywea. Nikampa ujumbe mtu aliyekuwa akirudi nyumbani: wakikufundisha, kaa, wakikutumia tu, njoo. Idi akakaa. Miaka ikapita, moyo wangu juu juu.

Reli ilipokwisha akaja kunitembelea. Nikampokea stendi ya mabasi Digbeth, nikamkagua kama ng'ombe wa mnadani. Mzima, tena kanenepa!

"Kaka, walikuwa wakali, na mikutano yao haiishi. Lakini mkubwa wao alishika sururu na sisi, akalala hema kama letu. Wengi wamesharudi kwao. Treni naendesha mimi."

"Weye?"

"Mimi, kaka. Funga mdomo, baridi itaingia."

Alhamdulillahi, nilishusha pumzi pale stendi hata watu wakageuka.

Basi mwanangu, wakubwa wa dunia wanapogombania urafiki wako, usikubali wakuchagulie wa kumwogopa. Mgeni yeyote, wa Mashariki au wa Magharibi, mpime: ana haja gani, ataondoka lini, atakuachia ujuzi gani. Na kabla hujamwamulia mwenzio, mwulize yeye aliye huko. Mola akujaalie marafiki wanaokuacha ukijiweza, na akuepushe na wanaokuacha mikono mitupu.