Darubini ya Ng'ombe

Upepo ukigeuka na kutoka upande wa machinjio, hapa Kitengela tunafunga madirisha. Harufu ya ngozi mbichi inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Majirani hulalamika na kumlaani mwenye nyumba. Mimi, msinicheke, hukumbuka darubini.

Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa imeanza, nami nilikuwa darasa la saba, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Ukame mkubwa ulikuwa umetuacha juzi tu, na ngozi zilikuwa bado zimerundikwa nyuma ya maduka. Baba alikuwa amehamisha mifugo hadi Rombo kutafuta majani. Alirudi na ng'ombe wachache, pamoja na kaka yangu Lemayian aliyekonda kama ufito. Habari za Rombo hawakuzisimulia, nasi hatukuuliza.

Aliyenijaza kichwa na mambo ya sayari alikuwa Mwalimu Mutua, wa sayansi. Nilimwambia Baba kwamba Zohali ina pete. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na nani aliivisha?" Kisha akanitazama vizuri. "Sawa. Siku nitaiona hiyo pete kwa macho yangu, utasoma mpaka masomo yaishe yenyewe." Wasichana wa rika langu walikuwa wameanza kuposwa, kwa hiyo mnaelewa nilivyoitaka pete hiyo.

Bahati ikaja yenyewe. Mwalimu alikuwa anastaafu kurudi kwao Ukambani, na alikuwa na darubini mbili. Alimwambia Baba achague moja, ampe kondoo jike wa kuanzia ufugaji.

Tulienda jioni, jua likiwa bado juu ya vilima. Nikainamisha kichwa, Mwalimu akakigusa kunisalimu kama mzee wa kwetu. Darubini zilikuwa mezani nje. Moja fupi na nene kama ndoo, na kioo kipana ndani. Nyingine ndefu, nyembamba, inang'aa. Mwalimu alinong'ona, "Chukueni hii nene. Urefu usiwadanganye, kinachoona ni upana wa kioo. Na hiyo ndefu ukiisukuma ikuze sana, inatia ukungu." Nikaona mambo yamekwisha.

Lakini Baba hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alizizunguka zote mbili, akazigonga, nusura aangalie meno. Kisha akaielekeza ile nene ng'ambo ya mto mkavu, Lemayian alikokuwa anachunga ng'ombe wetu, akainama na kuchungulia.

Akaruka nyuma. Aliponyoosha mgongo, uso ulikuwa umembadilika.

"Mwalimu, hii kitu inaonyesha ng'ombe yangu miguu juu."

"Ni kawaida yake, mzee. Inapindua kila kitu. Ukiangalia mwezi haitakusumbua, huko hakuna juu wala chini."

"Nimesikia. Lakini hii siwezi peleka kwangu."

Akachungulia ile ndefu. Humo ng'ombe walikuwa wamesimama kwa miguu yao, wanakula majani. "Hawa ndio wangu," akasema, naye mwenyewe akamkabidhi Mwalimu yule kondoo. Nilimvuta shuka, nikambembeleza kwa Maa, lugha yetu, na kwa Kiswahili. Wapi!

Mwezi tuliuona, ndiyo, ukitetemeka na kuzungukwa na rangi rangi. Zohali ilikuwa kama punje ya mahindi. Baba alichungulia kwa adabu, akauliza pete iko upande gani, nami nikaingia ndani kulia. Tangu hapo nikaiita darubini ya ng'ombe. Yeye alilipenda jina hilo! Kila asubuhi alikuwa nayo mlangoni, anakagua mifugo yake kule bondeni, anamwita Yeyo, mama yetu, aje naye aangalie.

Pete hakuiona, lakini shule alinipeleka. Na huko bwenini, mnajua nilifanya nini? Nilimgeuza baba yangu kichekesho. Niliigiza alivyoruka nyuma, alivyosema "miguu juu", wenzangu wakashika mbavu. Chuoni nikakirudia. Hata kazini. Nilikuwa nimeamua ni ushirikina tu, mzee wa kijijini kaogopa kioo.

Baba alifariki nikiwa nimeshaajiriwa. Baada ya mazishi nilikaa na Lemayian, na kwa kutaka tucheke kidogo nikamkumbusha ile darubini. Hakucheka. Akaniambia habari za Rombo kwa mara ya kwanza.

Ng'ombe walikuwa wanakufa usiku. Mzoga ukifura, miguu inakakamaa na kuelekea mbinguni, na Baba alisema hiyo si namna ya kumwacha ng'ombe aliyekulisha. Kwa hiyo aliamka kabla ya alfajiri, peke yake. Alimshika kila mmoja kwa miguu, akamsukuma mpaka akalala ubavu kama aliyepumzika, ndipo akawaamsha Lemayian na vijana wenzake.

"Alidhani hatujui," Lemayian akasema. "Tulikuwa macho. Tulikuwa tunamsikia akiwaita majina."

Nilimwomba kaka yangu anipishe kidogo. Nilikuwa nimewachekesha watu wengi sana kwa kile alichokiona baba yangu, na yeye mwenyewe sikuwahi kumuuliza alikuwa ameona nini.