Jeki ya Mtu Mmoja

Pikipiki zinazofanya kazi kweli kweli Katavi hazina stendi ya kati. Zinauzwa nazo, lakini mwenye chombo akishagonga visiki viwili vitatu kwenye njia za ng'ombe, anaikata stendi na kuitupa. Basi ikifika siku ya kufungua tairi la nyuma, pikipiki haina pa kusimamia. Lazima mtu mmoja ashike keria na kuinua, mwingine apige magoti asukumie gogo chini ya injini. Kwa Onesphore, fundi aliyefungua karakana uani kwake, pembeni kidogo ya Kashaulili, aliyepiga magoti alikuwa yeye mwenyewe. Aliyeinua alikuwa mkewe, Emelyne.

Asicheke mtu. Vijana wa siku hizi ukiwafundisha kushika spana kidogo tu, tayari wanataka kupanda bodaboda mjini, nani abaki ananuka grisi? Emelyne alikulia kwenye makazi ya Katumba kama mumewe, katika familia za wakulima zilizotoka Burundi, na mikono yake ilikuwa imezoea magunia ya mihogo tangu utoto. Alikuja anajifuta unga, akashika keria, akavuta pumzi na kuinua. Mdomo nao haukupumzika. "Haya Fundi," alimwita hivyo hivyo kama wateja, "gogo limeingia, au nisubiri mpaka mahindi yaive?" Wateja walicheka, na Onesphore alifurahi kimoyomoyo, kwa sababu hapakuwa na karakana nyingine Mpanda yenye mke wa namna ile.

Mwaka jana wakati wa masika Emelyne alikuwa na mimba, ya kwanza tangu waoane. Waliinua pikipiki asubuhi, kama kawaida. Jioni tumbo likaanza kumkata, na kabla hawajalala mimba ilikuwa imekwisha kutoka. Muuguzi aliwaambia kwa upole kwamba mambo hayo huwapata wanawake wengi, na sababu mara nyingi haijulikani. Onesphore alimshukuru. Lakini moyoni alikuwa ameshajihukumu, na hukumu ile hakuikatia rufaa popote. Kila alipoliona lile gogo la mninga aliona aibu.

Hawakuwahi kulizungumza. Kwao, mimba ya kwanza ikiharibika, inayofuata haitajwi. Mke hasemi, mume haulizi, majirani wanajifanya vipofu, mpaka tumbo lenyewe lijitangaze. Kuitaja mapema ni kama kuita watu waje waione ikitoka. Mama yake Onesphore alimwekea sharti hilo siku ileile ya msiba mdogo, na yeye hakuwa mtu wa kumbishia mama yake.

Ndiyo maana mwaka huu, mvua zilipokaribia, alipoona Emelyne anaziba pua petroli ikimwagika, na siku nyingine akaona kipande cha udongo wa kula kimefungwa kwenye pindo la kanga yake, alinyamaza. Alifurahi, akainamia spana zake. Kisha Mabula, mfugaji wa Kisukuma anayeleta maziwa mjini, akaingia uani na pikipiki iliyokatika cheni, na Emelyne akatoka jikoni akielekea kwenye keria.

"Acha," Onesphore alisema. "Nitamwita jirani."

"Jirani wa nini? Umeniona mgonjwa?"

Angejibu nini? Akisema anajua, amelitaja. Akinyamaza, Emelyne anainua. Mabula, bila kujua lolote, akashika keria mwenyewe kwa sababu alikuwa na haraka, na siku ile ikapita. Lakini si kila mteja ana mikono ya Mabula, na wengine huacha pikipiki na kwenda zao sokoni. Usiku Onesphore alikata shauri: atatafuta jeki ya kuinulia pikipiki, ambayo mtu mmoja anaweza kuitumia peke yake. Mengine yote yangesubiri.

Alianzia madukani. Alioneshwa meza nyekundu inayopanda kwa mafuta, unakanyaga pedali tu na chombo kinakwenda juu taratibu kama kinapandishwa na malaika. Aliipapasa. Alipotajiwa bei aliondoa mkono wake. Duka la pili walikuwa na jeki ndogo inayoingia chini ya injini, ya bei nafuu, na karibu ainunue. Kisha akakumbuka kwamba pikipiki za huku zote zimechomelewa bamba la kukinga injini, nalo limeinama kwa mbele. Ile jeki ingeteleza. Akaoneshwa pia stendi ya nyuma yenye mpini mrefu, unaisukuma chini na tairi linanyanyuka. Nyepesi, imara, bei ya kueleweka.

"Ila unahitaji mtu wa pili," muuzaji alisema, "wa kushikilia pikipiki isianguke."

Onesphore aliirudisha. Alichokuwa anakikimbia ni huyohuyo mtu wa pili.

Akaishia kwa Dieudonne, mchomeleaji waliyekua naye Katumba. Alimchorea mavumbini kwa kijiti: meza ndefu ya vyuma, kibanio cha tairi la mbele, na chini yake jeki ya kuzungusha iliyotolewa kwenye lori bovu. Unapandisha pikipiki mezani, unabana tairi, unazungusha. Dieudonne alitazama, akauliza swali moja.

"Miguu itakaa wapi?"

"Uani."

"Udongo? Basi niweke mabamba mapana chini, isije ikazama."

"Ua wangu umeshindiliwa, ni kama saruji," Onesphore alisema. Mabamba yangeongeza gharama, tena yangeongeza siku, na kila siku iliyoongezeka ilikuwa siku ya Emelyne kushika keria. Dieudonne alitikisa kichwa lakini akachomelea kama alivyoagizwa.

Jeki ilipofika, Onesphore aliijaribu kwa pikipiki yake kuukuu. Ilipanda vizuri mpaka kifuani. Aligeuka akitabasamu, na akamkuta Emelyne amesimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, uso mkavu.

"Hela ya kuezeka jiko ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe utapumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?" Aliinyooshea jeki kidole. "Miaka yote nimeinua na wewe. Leo umenunua chuma kichukue nafasi yangu. Sawa, Fundi."

Aliingia ndani. Utani ukafa nyumbani mle. Alimpikia, alimtengea, alimjibu, ila hakumchokoza tena. Onesphore aliumia kuliko alivyotarajia. Mara kadhaa aliusogelea mlango wa jikoni akiwa na neno mdomoni, akalimeza na kurudi kwenye spana zake. Alijiambia kwamba bora achukiwe na mke mwenye mtoto tumboni kuliko apendwe namna ya mwaka jana. Hata hivyo kuchukiwa hakukuwa kwepesi.

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mabula alirudi, safari hii beringi za tairi la nyuma zinalia. Alishusha madumu ya maziwa, akakaa kwenye kigoda karibu na ukuta na kuanza kuchokonoa meno. Onesphore alipandisha pikipiki mezani, akabana tairi, akaanza kuzungusha. Iliinuka vizuri. Ilikuwa imefika kifuani aliposikia meza inaguna.

Mguu mmoja, wa upande wa jikoni, ulikuwa unazama. Ua alioufananisha na saruji ulikuwa umelowa mpaka chini. Pikipiki iliinama taratibu, kibanio kikapinda, na Onesphore aliyekuwa upande wa pili aliidaka keria kwa mikono yote miwili na kuivutia kwake. Haikurudi. Haikuanguka pia. Ilikuwa inangoja mtu wa pili.

Na mtu wa pili alikuwa anakuja. Emelyne alikuwa ametupa mwiko, anakimbia kutoka jikoni, mikono mbele, moja kwa moja kwenye ule upande ulioinama. Hasira zote zilikuwa zimemtoka usoni. Alikuwa anakuja kuinua kama siku zote, na hatua chache tu angekuwa chini ya chombo chenye uzito wa watu wawili.

"Reka!" Onesphore alipiga kelele kwa Kirundi. "Acha! Acha ianguke!"

Emelyne hakusikia, au alisikia na hakukubali. Onesphore akaacha kuvuta. Akaweka kiganja kwenye tangi la pikipiki ya mteja, akaisukuma kwa nguvu zake zote, ianguke kabla mkewe hajafika.

Ilianguka vibaya. Kioo kilipasuka, usukani ukapinda, tangi likabonyea na petroli ikaanza kuvuja kwenye tope. Emelyne alisimama ghafla mbele yake, mikono bado imenyooka, matone ya tope kwenye kanga. Alimtazama mumewe. Fundi haangushi chombo cha mtu. Onesphore alikuwa amewahi kuungua mkono akizuia pikipiki isiguse ardhi, na Emelyne ndiye aliyemfunga kidonda.

Mabula aliinuka. Alikwenda akafunga koki ya petroli, akanyooka polepole.

"Fundi," alisema, "umeisukuma. Nimekuona kwa macho yangu."

Onesphore aliitazama pikipiki iliyolala topeni. Mabula alikuwa anajuana na kila mfugaji anayeingia mjini kutoka mbugani. Kabla ya jua kuzama wote wangejua kuna fundi Mpanda anayesukuma pikipiki za wateja chini. Na jibu lilikuwa moja tu, nalo hakuwa na ruhusa ya kulitoa.

"Nitaitengeneza," alisema. "Yote. Kwa gharama yangu."

"Sikuulizi gharama. Nakuuliza sababu."

Onesphore aliinama kuokota vipande vya kioo. Petroli ilinuka, na safari hii Emelyne hakuziba pua. Alikuwa bado anamtazama mumewe, halafu akaitazama ile meza iliyolala kiubavu, halafu kiganja cha mumewe kilichoisukuma pikipiki. Onesphore aliona jinsi anavyoelewa, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho.

"Kaka Mabula," Emelyne alisema, "usimwone mume wangu mwendawazimu. Nina mimba. Ya mwaka jana ilitoka jioni ya siku niliyoshika keria. Ameisukuma ili nisiishike tena."

Alilisema kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya mtu asiye wa ukoo. Onesphore aliogopa. Alitamani amzibe mdomo, na hapohapo alitamani kumpigia magoti.

Mabula alivua kofia yake. Hakumtazama Emelyne tumboni. Alitazama pembeni, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Kisha akaiweka kofia juu ya dumu la maziwa, akazunguka upande wa pili wa pikipiki na kushika keria.

"Fundi," alisema, "shika usukani. Tuiinue."

Waliinua wanaume wawili. Emelyne alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaweka mikono yake tumboni mbele ya watu wote, na hakuiondoa.