Harufu ya Nyama Kuresoi

Siku ile naikumbuka kwa harufu, mwanangu. Ilikuwa mchana wa Julai kule Kuresoi, ukungu umeingia mpaka jikoni, nami niliyeolewa juzi tu nawamenyea wakwe viazi. Baba mkwe alikuwa ameketi kitini akiota moto, amevua viatu. Akainua pua, akauliza, "Nani anachoma nyama?"

Nikacheka. Nyama gani, na sufuria ina viazi? Kisha nikaona kisigino chake kiko ndani ya makaa. Kinaungua, naye ananitazama akitabasamu. Woi! Nilipiga nduru, nikamvuta. Hata hakukunja uso. Aliniuliza ni nini kimenitisha.

Kliniki walisema ni sukari: ikizidi kwa damu miaka mingi, huharibu neva na mishipa, miguu ikafa ganzi. Mishipa ya moyo nayo huziba polepole, na moyo wa mtu kama huyo waweza kushikwa ghafla na kusimama bila kuuma. Hayo ya moyo niliyasikia nikayatupa. Kisigino nilikiona, moyo sikuuona.

Wiki chache baadaye nikamkuta kwa kiti kile kile, jasho linamtiririka katika baridi ile.

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi popote, mama. Nimechoka tu, na pumzi ni fupi."

Nikamwamini! Nikamfunika blanketi, nikarudi kwa viazi vyangu. Nilipomletea chai alikuwa vile vile, macho kwa moto, tabasamu lile lile. Jasho lilikuwa halijakauka, lakini yeye alikuwa ameshakufa, ule moyo ulishikwa bila kuuma. Mpaka leo nikinusa nyama choma mjini Nakuru, naangalia kwanza miguu ya watu.

Sasa wewe, jana uliniambia umeacha dawa za sukari. "Mathe, siumwi popote." Hayo ni maneno ya babu yako. Wewe unashinda kwa kituo cha umeme cha Olkaria na mabomba ya mvuke. Nani akufundishe kwamba bomba huziba ndani na nje liko sawa? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu hauonekani.

Usingoje uchungu. Rudi kliniki kesho, wakupime sukari, presha na mafuta ya damu, uanze dawa tena. Kagua nyayo kila siku. Na jasho likikutoka bila sababu, pumzi ikikatika, usikubali blanketi ya mtu, hata yangu. Nenda hospitali hapo hapo.

Mungu akupe uzee, na akuachie miguu inayouhisi moto. Haya, vua soksi niione miguu yako.